Tyubu Niliyoificha

"Mshike mikono, mshike vizuri," nilimwambia Theodora. "Huruma yako ndiyo inayomchelewesha."

Mtoto alikuwa amelala chali mapajani mwangu, kichwa nimekibana katikati ya magoti, miguu yake ikimpiga mama yake tumboni. Kindness, miezi kumi na mitatu, meno sita, na sauti ya kuita watu kutoka kihamba cha migomba cha tatu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshikana kwa tongotongo za njano, zimekauka kwenye kope kama uji uliomwagikia jiko. Nilizilainisha kwa maji ya uvuguvugu, nikavuta kope la chini kwa kidole gumba, nikaminya tyubu. Dawa ikatoka, nyeupe, laini, inapendeza hata kuitazama.

Tyubu hiyo ilikuwa na picha ya jicho. Jicho la buluu, limechorwa kwa ustadi, na chini yake maneno ya lugha ya watu, Kijerumani au Kipolandi, sijui. Sikuyahitaji. Picha ni ya jicho, basi dawa ni ya jicho. Ungeniuliza asubuhi ile kama nina wasiwasi wowote, ningekucheka.

Miaka mitano imepita. Kisa hiki nimekisimulia mara chache, na kila mara nilikipunguza kidogo pale panaponiaibisha. Leo sipunguzi kitu. Mwenye kunicheka na anicheke, nimezeeka, na deni langu la shukrani ni kubwa kuliko aibu yangu.

*

Ili unielewe, lazima nikuambie habari za lile boksi.

Mume wangu Elimringi ameupanda mlima huu miaka thelathini. Alianza akiwa mgumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita, akibeba mabegi ya wageni kichwani. Akawa mpishi. Mwishowe akawa kiongozi, anatangulia mbele na fimbo mkononi, na mimi mkewe nikaanza kutembea Marangu kana kwamba kilele ni cha kwetu. Sasa, wageni wana tabia moja nzuri. Wakishashuka, pale getini, wakiwa wamechoka na wanampenda kila mtu, huanza kugawa vitu. Huyu anavua jaketi, yule anatoa tochi, mwingine soksi ambazo hata kuzinusa huwezi. Na dawa. Mgeni hubeba dawa ya kila kiungo, hukaa mlimani siku sita bila kuumwa hata ukucha, halafu akifikiria kurudi nazo anaona uzito. "Peleka nyumbani," anamwambia kiongozi wake. Na kiongozi wake alizileta nyumbani.

Nilikuwa na boksi la plastiki, la buluu, ambalo zamani lilipandishia mayai mlimani. Humo nilizipanga. Sikuwa na haja ya kusoma. Dawa yenye picha ya mguu huku, ya tumbo kule, ya kichwa hapa. Zisizo na picha nilizinusa. Usicheke. Pua yangu ilikuwa inaheshimika kijiji kizima.

Jambo lilianza na Mzee Aminieli, aliyekuwa na fangasi za miguu tangu enzi za ujana wake. Nilimpa tyubu yenye picha ya unyayo, na baada ya wiki mbili vidole vyake vikakauka vikawa kama vya bwana harusi. Yule mzee alinitangaza kuanzia kanisani hadi kwenye kilabu cha mbege. Watu wakaanza kuja. Asubuhi unamkuta mtu ameketi barazani na mkungu wa ndizi, "Shikamoo Mama Davis, kiuno kinanisumbua." Nami nafungua boksi taratibu, navaa miwani ambayo hainisaidii kitu, nageuza tyubu hii na ile, naguna. Kuguna ni muhimu sana. Mwaka mmoja nilimsugua mzee mmoja kifuani kwa dawa ya kikohozi, akapona, akanibariki. Mwanangu Davis alipokuja likizo kutoka chuo aliisoma ile tyubu akakaa chini kabisa kwa kicheko. Ilikuwa gundi ya kushikilia meno ya bandia.

"Lakini si alipona?" nilimuuliza Davis.

Elimringi yeye hakucheka. "Mama Davis," alikuwa akiniambia, "hizo dawa zina wenyewe."

"Wenyewe wako Ulaya," nilimjibu. "Na wameziacha."

*

Theodora ni jirani yangu wa upande wa chini. Aliolewa hapa kwetu akitokea Tarakea, na mumewe Godlove akabaki hukohuko Tarakea kwa biashara ya mahindi, anaonekana mara moja kwa mwezi. Mkwe wake alikwisha kufa. Kwa hiyo binti wa miaka ishirini na mbili, mtoto mgongoni, ng'ombe mmoja zizini, na kihamba cha kupalilia peke yake. Msichana mkimya. Mimi ukimya wake niliuita majivuno. Baadaye nilijua ni uchovu.

Asubuhi ile ya mwezi wa nne, mvua imeshika, tope hadi vifundoni, alikuja kwangu na mtoto amefunikwa kanga. Mkononi ameshika tyubu ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Kindness jicho linatoa usaha tangu juzi. Jana nilimpeleka zahanati, nesi akanipa hii. Amesema niweke mara tatu kwa siku, siku saba, hata akionekana amepona nisiache. Lakini peke yangu siwezi, mama. Anajinyonganyonga, dawa yote inaishia shavuni. Naomba unishikie tu."

Nataka uliweke hilo akilini. Theodora hakuja kuomba dawa. Dawa alikuwa nayo, ya kweli, aliyopewa na mtu aliyesomea. Alikuja kuomba mikono miwili. Na mimi, Magdalena, mama wa kanisa, mke wa kiongozi, nikaona kuombwa mikono ni kudharauliwa.

Niliichukua ile tyubu yake nikaigeuza. Kijityubu chembamba, mafuta ya njano, kipande cha karatasi kimebandikwa na kuandikwa kwa kalamu. Hakina picha. Hakina uzuri wowote.

"Hii?" nilisema. "Hii ya zahanati? Tangu jana umeweka na bado yuko hivi?"

"Nesi alisema inachukua muda..."

"Ngoja."

Nikafungua boksi langu. Ndipo nikaitoa ile ya jicho la buluu, nikamwonyesha picha, nikamwona akiitazama kama watu wote walivyozitazama dawa zangu. "Hii inatoka Ulaya," nilimwambia. "Mgeni mwenyewe alikuwa anajipaka kila asubuhi, Baba Davis alimwona kwa macho yake." Ile ya zahanati niliiweka kwenye ubao juu ya jiko, pale ninapoweka vitu nitakavyovitupa siku moja. Theodora aliifuata kwa macho. Utamwambia nini mtu mwenye umri wa mama yako?

Kwa hiyo tukamshika mtoto, kama nilivyokwisha kueleza.

*

Siku mbili za kwanza zilinipandisha kichwa. Wekundu ulipungua kabisa. Jicho lililokuwa limevimba likatulia, likawa karibu na mwenzake, na Theodora akaniletea lita mbili za maziwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Jumapili, kwenye umoja wa wanawake, sikunyamaza. Niliwaambia akina mama kwamba dawa za zahanati ni za kumridhisha mtu tu.

Siku ya nne mtoto alikataa mwanga. Akiletwa barazani alizika uso kifuani kwa mama yake, akalia kilio kile kisicho na nguvu, kinachotisha kuliko makelele. Kope lilikuwa limevimba upya, na safari hii limekaza. Nilipolifungua kwa shida niliona, katika ile sehemu nyeusi ya jicho, doa dogo jeupe. Dogo kama punje ya ulezi.

Moyo wangu ulijua. Sitakudanganya, moyo ulijua palepale. Lakini mdomo ukasema:

"Dawa inafanya kazi. Inautoa uchafu wa ndani. Tuongeze."

Theodora aliinuka. Alimfunika mtoto akaenda zake.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu amevaa viatu vya safari, Kindness mgongoni, mwavuli mkononi. Nilikuwa nakata ndizi za mtori.

"Shikamoo mama. Naenda Moshi, kwenye kliniki ya macho. Naomba ile tyubu, daktari aione tuliyomwekea."

Tyubu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Naikumbuka ilivyokuwa inanigusa paja. Na nikaona yote kwa mkupuo: tyubu mezani kwa daktari, daktari anauliza ni nani huyu, jina langu linatajwa, habari inapanda mlima kwa bodaboda na kufika kanisani kabla yangu. Boksi langu. Pua yangu. Heshima yangu yote ya miaka minane.

"Imekwisha," nilisema. "Nimeitupa shimoni, kwenye samadi."

Alinitazama. Sidhani kama aliniamini. "Haya mama," alisema. "Asante."

Alisema asante! Akashuka kwenye tope lile, mwavuli ukimfunika mtoto kuliko yeye, na mimi nikarudi kwenye ndizi zangu.

*

Nilikata ndizi tatu. Ya nne nilijikata kidole.

Nilienda kwenye ubao juu ya jiko kutafuta kitambaa cha kujifunga, na mkono wangu ukagusa kile kijityubu cha zahanati. Kilikuwa kimejaa, hakijatumika hata robo. Nilikileta mlangoni kwenye mwanga, nikavaa miwani, na mara hii nikasoma, maana yalikuwa maneno ya Kiswahili na mimi darasa la saba nilimaliza. Mwandiko wa nesi, mzuri, wa mviringo, kama wa mtu asiye na haraka: *Mtoto Kindness. Mara 3 kwa siku. Siku 7. Usiguse jicho kwa mdomo wa tyubu. Asipopata nafuu siku ya 3, mrudishe.*

Siku ya tatu, mrudishe. Siku ya tatu mimi nilikuwa kanisani najisifu.

Jamani, kuna kulia na kuna kujisikia mjinga, na vyote viwili vikija pamoja mtu hana pa kushika. Niliivua aproni. Nilitia tyubu zote mbili kwenye mkoba ninaobebea Biblia. Mtori niliuacha palepale na moto unawaka. Mpaka leo Elimringi ananiuliza ile sufuria iliungua vipi. Nilipata bodaboda hadi kituo cha Mtoni, kutoka Mtoni nikapata gari la Moshi, na njia nzima niliomba sala moja tu, kwamba nisichelewe. Sikuomba kusamehewa. Hilo lilikuja baadaye.

Kliniki ilikuwa imejaa. Wazee wa mtoto wa jicho wamefunikwa jicho moja moja, wanafunzi, mama mmoja wa Rau na mapacha wake. Nilimwona Theodora mlango wa mwisho, anaitwa. Nikapita katikati ya watu wote wale bila hodi, mtu akanikemea, "Mama, foleni!" na mimi nikasema, "Huyo ni wa kwangu," nikaingia nyuma yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Parvin, wa familia za Kihindi za mjini Moshi, Kiswahili chake cha hapahapa kabisa. Alikuwa anamuuliza Theodora, "Ulimwekea dawa gani?" na Theodora anajibu, "Sijui jina lake, ilikuwa na picha ya jicho."

"Hii hapa," nilisema.

Niliiweka mezani. Theodora aligeuka. Sikumwangalia, niliangalia mikono ya daktari.

"Ni mimi niliyemwekea," nilisema. "Yeye alikuwa na hii ya zahanati, nikamwachisha. Na leo asubuhi aliniomba hii akuletee, nikamwambia nimeitupa. Nilidanganya."

Nilingoja kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa. Daktari Parvin aliisoma tyubu ya jicho la buluu pande zote mbili, taratibu, halafu akaichukua ile nyingine.

"Hii yako ni dawa ya macho kweli, mama," alisema. "Inatuliza uvimbe na wekundu. Kuna ugonjwa wake na kuna watu wake. Lakini vijidudu haiviui. Tena inauzuia mwili usipigane navyo. Ndiyo maana mliona amepona, kumbe huku nyuma vinakula kwa raha."

"Na hii ya zahanati?"

"Hii ndiyo ya kuua vijidudu. Ndiyo iliyokuwa dawa yake."

"Ingetosha?"

Alinitazama kama anapima kiasi ninachoweza kubeba. "Mwanzoni, ndiyo. Ingetosha."

Alimdondoshea mtoto rangi ya njano jichoni, akazima taa ya chumba, akamulika kwa taa ya buluu. Lile doa liling'aa kijani, kwenye kioo cha jicho, pembeni kidogo ya mboni. Akatuita wote wawili tuone. Kidonda, alisema. Kikikaa hapo kilipo, kitaacha kovu dogo na mtoto ataona. Kikitambaa hadi katikati, kovu litaziba njia ya mwanga, na jicho hilo halitamfaa tena. Hakuweza kutuahidi. Siku zile mbili tatu ndizo zingeamua.

"Lakini nashukuru umeileta," aliniambia akiwasha taa. "Wengi hawaleti. Wananificha, na mimi natibu gizani. Sasa najua ninapambana na nini."

Mimi nikashukuriwa! Nilitamani sakafu inimeze.

Akaandika. Dawa ya matone yenye nguvu kila saa, na mafuta ya kuua vijidudu asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Akaeleza mara mbili. Kisha akaweka kalamu. "Kazi hii si ya mtu mmoja. Mtoto wa umri huu ana nguvu za ndama. Nyumbani kuna nani wa kumshika?"

Theodora alikuwa anamfunga mtoto kanga upya, fundo lilelile, analifungua na kulifunga. Nilijua nyumbani hana mtu. Nilijua pia kwamba kijiji kizima kingempa mikono kabla yangu, na kwamba ana haki ya kuniambia nisikanyage tena uwanjani kwake.

"Mama Davis atamshika," alisema.

Nimeishi miaka sitini na minne. Nimezaa, nimezika, nimebarikiwa mbele ya madhabahu. Neno jema kuliko hilo sijawahi kuambiwa na mtu.

*

Nilihamia kwa Theodora siku hiyohiyo, nikalala kwenye kochi lake. Tuligawana kazi bila kuzungumza: mimi kushika, yeye kuweka. Tyubu sikuigusa hata mara moja, wala yeye hakunipa. Tulinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Maji yalichemshwa yakapozwa, kitambaa safi, ncha moja kwa mpanguso mmoja, kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha ncha nyingine. Mimi nakaa chini, nanyoosha miguu, namlaza Kindness katikati yake, mikono yake nimeikandamiza kwa mapaja yangu, kichwa nimekishika kwa viganja viwili. Theodora anapiga magoti. Anavuta kope la chini mpaka panakuwa kama kijifereji, anaminya, utepe mwembamba usiozidi punje ya mchele, mdomo wa tyubu ukining'inia juu bila kugusa. Halafu anamwachia afumbe. Mafuta yanatanda, yanang'aa, mtoto anapepesa na kutukasirikia sote wawili.

"Sasa," alikuwa akisema Theodora. Na mwisho, "Basi." Kwa siku mbili maneno yake kwangu yalikuwa hayo mawili tu.

Watu walikuja kuuliza. Mama mmoja wa umoja wa wanawake alikuja na kilemba chake na umbea wake, akauliza mlangoni, "Eti ni dawa gani iliyomharibu mtoto?" Nilianza kusimama nijibu mwenyewe. Theodora akanitangulia. "Jicho liliingia vijidudu," alisema. "Mama Davis ananisaidia." Akafunga mlango. Nililia nikiwa nimemshika mtoto, na machozi yangu yakamdondokea kwenye paji, ikabidi Theodora amfute. "Mama, usimlowanishie dawa," aliniambia. Ilikuwa sentensi ya kwanza ndefu. Nikacheka nikilia. Na yeye, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Siku ya tatu asubuhi Kindness aliamka kope hazijashikana. Tongotongo zilikuwa kidogo, pembeni tu. Theodora aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, nikatoka zizini mbio na nyasi mkononi. Tulirudi kwa daktari, akamulika tena, akasema kidonda kimesimama, kimeanza kuziba. Lakini doa bado lilikuwepo, na alipofunika jicho zima la mtoto ili apime lile bovu, Kindness alipiga kelele na kugeuza uso. Haikujulikana kama haoni, au anachukia tu kushikwa.

"Tusubiri siku ya saba," alisema daktari.

Siku hizo ndipo Elimringi aliposhuka kutoka mlimani. Alisikia habari njiani, kwa hiyo aliponifikia alikuwa anajua yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Alikunywa chai, akavua buti, akalichukua lile boksi la buluu akaliweka mbele ya pikipiki ya jirani, akalipeleka zahanati wakaziteketeze zile dawa. Aliporudi alikuwa amelisugua kwa sabuni. "Weka mayai," alisema. Mume wangu nimemkosea mambo mengi, na huo ndio ukali wake wote aliowahi kunifanyia.

*

Siku ya saba hakukuwa na mvua. Mlima ulikuwa wazi kuanzia asubuhi, nasi tulishuka Moshi watatu. Dawa tulikuwa tumeziweka zote, kila mara, hakuna saa tuliyoruka. Theodora alikuwa amechora vijiti vya mkaa ukutani kwa kila mara, na asubuhi ile nilimwona akivihesabu kwa kidole, midomo inacheza.

Chumba kilekile. Theodora aliketi na mtoto mapajani, uso umetuelekea mimi na daktari. Mimi nilisimama nyuma kidogo ya bega la Daktari Parvin, kwa sababu sikujua pengine pa kusimama. Daktari alibandika kitambaa juu ya jicho la kulia, lile zima. Kindness akabaki na jicho la kushoto tu, na lile doa.

Alikunja uso. Hakulia.

Daktari alinyanyua kijidude chekundu chenye kengele ndani, lakini alikuwa ameibana kengele kwa kidole isilie. Akakipeleka kushoto. Kindness hakukifuata. Akakipeleka kulia. Kindness alikuwa anatazama mbele, kimya, mate yanamdondoka. Daktari akakishusha. Theodora akafumba macho yake mwenyewe.

Sikuweza kuvumilia. Niliinama, bila ruhusa ya mtu, nikauleta uso wangu pale karibu na bega la daktari, sijui nilitaka nini. Kumtazama tu. Kumwomba radhi, labda, mtu wa miezi kumi na mitatu.

Lile jicho liligeuka. Liliacha kijidude chekundu, likaacha koti jeupe la daktari, likanitazama mimi. Kindness alinikunjia uso kama alivyonikunjia wiki nzima nilipomshika. Kisha mkono mdogo ukanyooka moja kwa moja, bila kupapasa, ukapita karibu na shavu la daktari, ukaikamata hereni yangu ya sikio la kulia, akaivuta kwa nguvu zake zote.

"Anaona," alisema Daktari Parvin.

Theodora alitoa sauti, siyo neno. Sikio liliniuma mpaka tundu likavuja damu, na yeye akainuka haraka, mtoto mkononi, anajaribu kumbandua vidole kimoja kimoja, anasema samahani mama, samahani.

"Mwache," nilimwambia. "Mwache avute."